Duchenne: Tabibu aliyetufunza kulisoma tabasamu

Kila shule ina picha za darasa. Wanafunzi hupangwa safu tatu, warefu nyuma na wafupi mbele, kisha mpigapicha huwaamuru watabasamu, nao hutii. Midomo hufunguka na meno huonekana. Lakini aitazamaye picha hiyo baada ya miaka mingi hutambua papo hapo ni nani aliyekuwa na furaha siku ile, na ni nani aliyekuwa akingoja tu aruhusiwe kuondoka juani. Tunatambua, ila tukiulizwa tumetambuaje, wengi wetu hukosa jawabu.

Jawabu hilo lilitafutwa kwa bidii kubwa na tabibu Mfaransa aliyeishi katika karne ya 19. Jina lake kamili lilikuwa Guillaume-Benjamin-Amand Duchenne, ingawa alizoea kujiita Duchenne wa Boulogne, kwa kuwa mjini Paris palikuwa na daktari mwingine mwenye jina lililokaribiana mno na lake. Wanasaikolojia hulitaja jina hilo wanapozungumzia tabasamu, nao madaktari wa watoto hulitaja wanapozungumzia maradhi ya misuli. Ni wachache wanaojua kwamba mtu huyo ni mmoja. Ningependa leo tuyapitie maisha yake, maadamu yana funzo kwetu sisi ambao kazi yetu ni kukaa mbele ya nyuso za vijana kila siku na kudai kwamba tunazielewa.

Duchenne alizaliwa tarehe 17 Septemba 1806 mjini Boulogne-sur-Mer, bandari iliyo kaskazini mwa Ufaransa, kwenye mlango wa bahari unaoitenga nchi hiyo na Uingereza. Ukoo wake ulikuwa wa wavuvi na mabaharia. Babake alikuwa nahodha aliyepambana na meli za Waingereza enzi za Napoleon, akatunukiwa nishani kwa ushujaa wake. Mzee huyo alitamani mwanawe aurithi usukani. Mwana naye alipenda sayansi, na hatimaye aliachiwa njia yake. Alisoma mjini Douai, kisha akaenda Paris kusomea udaktari chini ya mabingwa wa zama zile, miongoni mwao Laennec, yule aliyevumbua kifaa cha kusikilizia kifua cha mgonjwa. Alifuzu mwaka 1831, akarejea nyumbani kuwatibu watu wa mji wake.

Mwaka huo huo alioa. Mwaka 1833 mkewe alijifungua mtoto wa kiume, na muda mfupi baadaye akafariki kwa homa ya uzazi. Ni Duchenne aliyemzalisha, naye alikuwa peke yake. Wakati huo hakuna aliyejua homa ile ilitoka wapi. Ilikuwa bado miaka 14 kabla ya Semmelweis wa Vienna kuonyesha kwamba aghalabu ililetwa kwa mikono ya matabibu wasionawa ipasavyo. Familia ya marehemu ilimlaumu mkwe wao, uvumi ukaenea Boulogne nzima kwamba daktari ndiye aliyemuua mkewe, na mtoto akachukuliwa na kulelewa upande wa mamake. Baba na mwana waliishi miaka mingi bila kuonana. Alioa tena mwaka 1839, lakini ndoa hiyo nayo haikudumu.

Ni katika miaka hiyo ya majonzi ambapo alianza kazi iliyompa jina. Yapata mwaka 1835 alianza kutumia tiba mpya ya wakati huo, ya kuchoma sindano nyembamba mwilini na kupitisha umeme ndani yake ili kutuliza maumivu. Alipokuwa akifanya hivyo aliona jambo lililomshughulisha kuliko tiba yenyewe: umeme ulipopita, msuli ulijikunja. Akajiuliza iwapo angeweza kuukunja msuli mmoja tu bila kuwagusa majirani zake. Sindano zilijeruhi ngozi na kutawanya umeme, kwa hivyo aliziacha, akabuni njia ya kuweka vishikizo viwili vyenye unyevu juu ya ngozi, pale hasa msuli ulipo. Umeme aliutoa katika mtambo mdogo uliojengwa kwa kanuni aliyoigundua Faraday mwaka 1831. Kwa kifaa hicho aliweza kuuliza msuli mmoja mmoja wa mtu aliye hai kazi yake ni ipi, swali ambalo hadi wakati huo wanaanatomia walikuwa wakiziuliza maiti.

Mwaka 1842 aliondoka Boulogne, akahamia Paris. Hakuwa na cheo katika hospitali yoyote wala kiti katika chuo kikuu. Kila siku alibeba sanduku lake la mtambo, akapita kutoka wodi moja hadi nyingine, akawachunguza wapooza na wenye kutetemeka, akauliza maswali mengi. Mgonjwa aliyehamishwa alimfuata hadi alikohamishiwa. Matabibu vijana walimfanyia mzaha, kwa kuwa lafudhi yake ilikuwa ya kimikoani na mavazi yake hayakuwa ya mjini. Wenye vyeo walimwona msumbufu. Alivumilia hayo kwa miaka, na mwaka 1855 akachapisha kitabu kikubwa kuhusu matumizi ya umeme katika kuchunguza na kutibu misuli. Jean-Martin Charcot, aliyekuja kuwa bingwa mkubwa wa magonjwa ya neva barani Ulaya, alimfungulia milango ya hospitali ya Salpêtrière na hakuona haya kumtambua kuwa mwalimu wake.

Katika hospitali hizo ndimo alimoanza kuuchunguza uso. Uso wa binadamu ni kiungo cha ajabu. Misuli ya mkono au mguu huvuta mifupa, ilhali misuli mingi ya uso huvuta ngozi, na ngozi ikivutwa, mtu husemwa kuwa amekasirika, amehuzunika au amefurahi. Duchenne alitaka kujua ni msuli upi unaosema nini. Alihitaji mtu ambaye angestahimili umeme usoni bila kuumia, kwa maana maumivu yenyewe hukunja uso na kuharibu ushahidi. Akampata mzee mmoja asiye na meno, mwembamba wa uso, ambaye ngozi ya uso wake ilikuwa imekufa ganzi. Aligusa shavu la mzee huyo, likacheka. Akagusa paji la uso, likahuzunika. Mzee mwenyewe hakuwa na furaha wala huzuni.

Tatizo lililobaki lilikuwa namna ya kuyahifadhi aliyoyaona. Uchoraji haukuaminika, kwa kuwa mchoraji huchora anachodhani ameona. Upigaji picha ulikuwa bado mchanga, na picha moja ilihitaji sekunde nyingi, muda ambao uso wa kawaida hauwezi kutulia. Umeme wa Duchenne uliweza kuushikilia msuli ukiwa umejikunja hadi picha ikamilike. Katika miaka ya 1850, kwa msaada wa mpigapicha Adrien Tournachon, alipiga picha nyingi za mzee yule na za watu wengine wachache. Katika baadhi ya picha hizo Duchenne mwenyewe anaonekana pembeni, vishikizo mkononi, akilitazama shavu la mzee kwa makini ya fundi saa.

Matokeo aliyachapisha mwaka 1862 katika kitabu kuhusu namna uso wa binadamu unavyofanya kazi. Kuhusu tabasamu, hoja yake ni hii. Kuna msuli utokao kwenye mfupa wa shavu na kuteremka hadi pembe ya mdomo. Huo ukijikunja, mdomo hupanuka na kupanda. Msuli huu ni mtiifu, nao huitika wakati wowote tunapouamuru. Kuna msuli mwingine unaolizunguka jicho. Sehemu yake ya nje ikijikunja, shavu huinuka, ngozi iliyo chini ya jicho hujaa, na makunyanzi madogo hutokea kando ya jicho. Duchenne alishikilia kwamba sehemu hii haiitiki amri ya mtu, bali huitika furaha iliyo ndani yake. Mdomo ukicheka jicho lisishiriki, alisema, hapo rafiki wa uongo amefichuka.

Msomaji anaweza kulijaribu jambo hili mbele ya kioo. Funika mdomo wako kwa kiganja, kisha tabasamu kwa kujilazimisha. Baadaye mkumbuke mtu unayempenda. Tofauti aliyoitaja Duchenne utaiona juu ya kiganja.

Kama mwanaisimu, napendezwa na namna alivyoielewa kazi yake. Aliuona uso kuwa una lugha yenye tahajia yake, kila msuli ukiwa herufi, na herufi kadhaa zikiunganishwa zikifanya neno la hisia. Alikuwa mcha Mungu, naye aliamini kwamba lugha hiyo iliwekwa na Muumba, ni moja kwa watu wote, na haihitaji kufundishwa. Sisi wa isimu huwa waangalifu tunapotumia neno lugha, kwani maneno hubadilika kutoka jamii hadi jamii, na hapana sababu ya kimaumbile inayofanya kitanda kiitwe kitanda. Hata hivyo, hatuwezi kumpuuza. Kiswahili chenyewe kinaonyesha kwamba wasemaji wake waliiona tofauti hii zamani. Anayeonyesha meno tu husemwa kuwa anakenua. Anayefurahi kwa uso mzima husemwa kuwa ana bashasha, au ana uso mkunjufu. Kukenua ni kazi ya mdomo, ama ukunjufu hauwezi kutajwa bila uso wote. Duchenne alituonyesha misuli iliyo nyuma ya maneno hayo.

Kuna jambo katika kitabu hicho linalotia doa, nami sioni sababu ya kulificha. Yule mzee hakutajwa kwa jina. Tunaujua uso wake kuliko nyuso za mababu zetu wenyewe, na umechapishwa katika vitabu visivyo na idadi, lakini yeye alibaki kuwa mzee tu. Duchenne alimwelezea kwa maneno yasiyo ya heshima, akizungumzia ukosefu wake wa sura nzuri na uhafifu wa akili yake. Walipomkosoa kwa kuchagua uso usiopendeza, alijitetea kwamba alitaka kuonyesha kuwa kila uso wa binadamu, hata usio na uzuri wa umbo, huweza kupendeza unapoeleza hisia kwa usahihi. Utetezi huo una ukweli mzito ndani yake. Lakini mwanafunzi wa leo anayejifunza utafiti anapaswa kujua kwamba elimu hii ilichumwa kwenye uso wa mtu maskini, katika zama ambazo hakuna kamati iliyoketi kuuliza iwapo mtu huyo alielewa na kukubali.

Wasomi wa Ufaransa hawakukishangilia kitabu hicho sana. Aliyekithamini alikuwa Mwingereza, Charles Darwin. Katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu jinsi binadamu na wanyama wanavyodhihirisha hisia, alizitumia picha za Duchenne kwa idhini yake. Darwin hakukubaliana naye kuhusu asili ya lugha ya uso, kwani yeye aliitafuta kwa wahenga wetu wa kale na kwa wanyama. Lakini aliijaribu hoja ya tabasamu. Picha ya mzee akitabasamu kwa hiari yake ilitambuliwa mara moja na kila aliyeonyeshwa. Kisha aliwaonyesha watu 24 ile picha ambayo umeme ulivuta pembe za mdomo peke yake. Watatu hawakuweza kabisa kusema ina maana gani, na waliosalia waliona kitu mithili ya tabasamu lakini wakakieleza kwa namna zilizoonyesha kwamba hawakuridhika nacho.

Wakati huo Duchenne alikuwa ameshageukia misuli ya miguu. Tangu mwaka 1861 alikuwa akiwafuatilia watoto wa kiume ambao nguvu ziliwaisha pole pole ilhali vigimbi vyao vilionekana vinene. Mwaka 1868 alichapisha maelezo kamili ya watoto 13 wa aina hiyo. Alibuni pia sindano maalumu ya kuchukua kipande kidogo cha msuli wa mtu aliye hai, ili akichunguze kwa hadubini. Ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake hadi leo. Humpata takriban mvulana mmoja katika kila wavulana 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa, na kasoro ya urithi inayouleta iligunduliwa katika miaka ya 1980. Huanza katika nyonga na mapaja. Mtoto huanguka mara kwa mara, hushindwa kupanda ngazi, na akitaka kusimama hujikwea kwa mikono juu ya mapaja yake mwenyewe. Misuli ya uso hubaki na nguvu kwa muda mrefu, kwa hivyo mtoto huyo huweza kutabasamu kama wenzake hata pale ambapo miguu imekataa.

Mwanawe, Émile, alimrudia Paris akiwa mtu mzima, naye akawa tabibu wa neva kama babake. Baada ya utengano wa miaka mingi, walifanya kazi pamoja. Furaha hiyo ilikuwa fupi, kwani Émile alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1870. Duchenne alizitoa picha zake kwa chuo cha sanaa cha Paris, akafariki Septemba 1875 kwa kuvuja damu ubongoni, akiwa na umri wa karibu miaka 69. Mabaraza makuu ya wasomi wa Ufaransa hayakuwahi kumchagua kuwa mwanachama, ingawa ya nchi nyingine yalimheshimu. Mwaka 1897 mnara wa kumkumbuka ulizinduliwa katika hospitali ya Salpêtrière, pale pale alipokuwa akipita na sanduku lake bila cheo.

Hoja yake kuhusu tabasamu ilisahauliwa na wengi kwa takriban karne nzima. Iliyoifufua ni kazi ya Mmarekani Paul Ekman na wenzake, ambao mwaka 1990 waliliita tabasamu la macho na mdomo kwa jina la Duchenne. Madaktari wa neva nao walikuwa wameona jambo linalomuunga mkono. Mgonjwa aliyepooza upande mmoja wa uso kutokana na kiharusi, akiamriwa kutabasamu, mara nyingine huinua upande mmoja tu wa mdomo. Mgonjwa huyo huyo akichekeshwa, huweza kutabasamu pande zote mbili. Ubongo, basi, una njia moja ya tabasamu la amri na nyingine ya tabasamu la moyoni.

Hata hivyo, utafiti wa baadaye umempunguzia Duchenne uhakika wake. Mwaka 2009 Eva Krumhuber na Antony Manstead walionyesha kwamba watu wengi wanaweza kuukunja msuli wa jicho kwa makusudi, hata wasipokuwa na furaha. Aidha, mdomo ukivutwa kwa nguvu sana, mashavu hupanda yenyewe na kuyaleta makunyanzi ya macho. Jicho ni shahidi mzuri, ila si hakimu. Anayedhani kwamba amepata kipimo cha kumkamata mwongo amejidanganya.

Hapa ndipo maisha ya Duchenne yanapotugusa sisi walimu. Kabla ya viboko kupigwa marufuku katika shule zetu mwaka 2001, wapo wanafunzi waliochapwa kwa kosa la kutabasamu mbele ya mwalimu aliyekuwa akiwakemea. Mwalimu aliona dharau. Aghalabu mtoto alikuwa na haya, au hofu, na uso wake ulikuwa umekimbilia umbo pekee lililoujia. Nami sijitoi. Niliwahi kumfukuza mwanafunzi katika chumba cha mhadhara kwa sababu alitabasamu nilipomuuliza kwa nini hakuleta insha yake. Baadaye wenzake waliniambia kwamba alikuwa amefiwa wiki ile. Nilikuwa nimeutazama mdomo wake tu, kisha nikamtolea hukumu.

Viboko vimepigwa marufuku, lakini hukumu za haraka zingalipo. Mvulana anayeachwa nyuma katika mbio za michezo huitwa mvivu, kwa sababu akiketi chini anacheka na wenzake na vigimbi vyake vinaonekana vya mwanariadha. Huenda ni mvivu. Huenda pia ni mmoja wa watoto aliowaeleza Duchenne mwaka 1868, na mwalimu aliyemwona jinsi anavyoinuka kutoka sakafuni ndiye mtu wa kwanza anayeweza kuwashauri wazazi wake wampeleke hospitalini.

Duchenne alihukumiwa na mji wake kwa uvumi, na akachekwa na wenzake kwa sababu ya lafudhi na mavazi. Alichofanya yeye kwa miaka 30 ni kukaa karibu na wagonjwa ambao wengine waliwapita, akawatazama msuli kwa msuli, akarudi kesho yake kuwatazama tena. Alikosea mahali, na mzee wake alistahili heshima zaidi kuliko aliyopewa. Lakini desturi ya kurudi kutazama tena kabla ya kutamka mtu ana nini ndani yake ni desturi njema. Wanafunzi wanaojiandaa kuwa walimu na madaktari wangefanya vyema kuianza mapema, nasi tuliotangulia hatujachelewa kujifunza.